Mkate wa shimo wa Meli Nne: maharage ndiyo, kuku hapana, na ile picha ukutani ishushwe

Bei kwanza, maana ndiyo watu wanayoniuliza kabla ya utamu. Robo mkate kwa maharage ni shilingi 3,000, kwa kuku 5,000, kwa mbuzi 7,000, na mbuzi yuko Jumamosi peke yake. Nusu mkate upo pia, ila usiuagize ukiwa peke yako, utakushinda njiani. Kibanda hakina bango. Ukishuka Meli Nne, hapa Unguja, kwenye barabara ya Fuoni, uliza kwa yule aliyerudi kutoka Bondeni, yaani Afrika Kusini. Watoto wote wanapajua, na usipomkuta mtoto fuata harufu ya kitunguu kinachokaangwa mpaka kiwe rangi ya kahawa.

Kwa asiyekijua chakula chenyewe: unachukuliwa mkate wa mraba ambao haujakatwa silesi, unakatwa robo, unachimbwa katikati mpaka zibaki kuta na kitako, kisha unamiminiwa mchuzi mzito mpaka juu. Kile kinofu kilichochimbwa kinarudishwa juu kama kifuniko, na ndicho unachoanza nacho, unachovya. Kijiko hakuna, na ukiomba utaletewa lakini utachekwa. Ni chakula cha Wahindi wa Durban, wajukuu wa wale waliopelekwa Natal kuanzia mwaka 1860 kukata miwa kwa mkataba. Kwao kinaitwa bunny chow. Meli Nne kimeshapata jina la mkate wa shimo, na mwenyewe amelikubali.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Nimepika pilau za harusi Wete na hapa Unguja tangu mabinti zangu wako skuli, kwa hiyo mtaniwia radhi nikichambua sana.

Mkate. Boflo letu kwa kazi hii halifai, ukuta wake mwembamba, ukimimina mchuzi tu linalegea na mchuzi unakufika mapajani. Mwenyewe alianza nalo, akaharibu kanzu za watu, akahamia mkate wa silesi wa dukani, nao ukawa umejaa hewa. Sasa ana mapatano na tanuri moja linalomuokea mikate mizito, unga mwingi, chumvi ya kutosha. Ukuta unasimama mpaka unamaliza. Tunachobishana ni kimoja: yeye anataka mkate uliotoka motoni asubuhi hiyo hiyo, mimi naona uliolala siku moja unashika mchuzi vizuri zaidi. Anasema Durban ukimuuzia mtu mkate wa jana anakurudishia. Sawa, lakini Durban hawana unyevu wa masika yetu.

Maharage ndiyo ya kwendea. Ni yale ya madoadoa, yamelowekwa usiku, yamechemshwa mbali mpaka yakaiva khasa, ndipo yakaungwa kwa tungule, thomu, tangawizi, bizari nyekundu kali na yale majani madogo ya Kihindi yanayotoa harufu yakigusa mafuta. Nazi hatii. Mpemba mimi, nilipoonja mara ya mwanzo nilitazama ndani ya sufuria kama kuna mtu amesahau jambo. Akaniambia, "Mama, nazi inalegeza mkate." Nikala mpaka kitako na ukuta haujalegea, basi nikanyamaza. Mbatata zimo, nazo hazikatwi vipande vya kupendeza, zinapondwapondwa ubavuni mwa sufuria ili ziupe mchuzi uzito. Huo ni ujuzi. Wapishi wengi wa mjini wangetia unga wa ngano na wangejiona mafundi.

Mbuzi anakatwa pamoja na mfupa, na mfupa ndani ya mkate ni kazi kula mbele ya wakwe, lakini utamu uko hapo. Mafuta yamezidi kidogo. Aengue.

Kuku usimuagize. Ni kuku wa kisasa, anachemka mara moja anaparaganyika, mchuzi wake una maji na unapenya mkate kabla hujakaa vizuri. Nimemwambia mwenyewe ama atafute wa kienyeji apandishe bei, ama amtoe kabisa. Bado yuko, kwa sababu vijana wanamtaka.

Kachumbari yake ni ya karoti iliyoparuzwa, kitunguu na pilipili, na humo anatia siki. Kisiwa hichi kimejaa ndimu na yeye anatia siki! Hili sitamsamehe.

Asubuhi kabla ya mikate kuna magwinya, andazi la mviringo lisilo hiliki wala tui, linapasuliwa na kujazwa kima. Shilingi 500 moja. Mzito, wa kushibisha mbeba mizigo. Kwa chai ya kistaarabu mimi nabaki na mandazi yetu, lakini fundi wa ujenzi anayetaka kufika adhuhuri bila kulalamika, amepata chakula chake.

Sasa kwa nini mtu wa Unguja anapika mchuzi wa Durban. Aliondoka kijana, akapita njia wanazopita wote, mabasi na mipaka mpaka Afrika Kusini. Alikuwako mwaka 2008, ghasia zile zilizoanza Alexandra, Johannesburg, mwezi wa Mei, wakauawa watu zaidi ya 60 na makumi ya maelfu wakafukuzwa majumbani, Wasomali, Wazimbabwe, Wamsumbiji, hata wenyeji waliokosewa kuwa wageni. Yeye wakati huo alikuwa Durban, na ghasia hazikumgusa sana. Akaajiriwa jikoni kwa Muhindi mmoja, kwanza kuosha masufuria, kisha kukata vitunguu, kisha kusimama kwenye moto. Akaja kufungua kijibanda chake Isipingo. Machi na Aprili 2015 moto ukawaka huko huko Isipingo na kusambaa Durban nzima. Kibanda kikavunjwa, friji ikabebwa, naye akajikuta kwenye mahema ya kiwanja cha michezo cha Chatsworth pamoja na Wamalawi na Wakongo. Chakula kilikuwa kikiletwa na shirika la misaada la Gift of the Givers, wale wa Dokta Imtiaz Sooliman wa Pietermaritzburg, na watu wa mtaani waliokuja na masufuria yao. Serikali ya Malawi ilileta mabasi kuwachukua watu wake. Yeye alirudi kwa hati ya dharura ya ubalozi wetu wa Pretoria, begi moja.

Hayo hakuniambia kwa siku moja, na hakuniambia mimi kwa sababu ya huruma yangu. Tulikuwa tunabishana juu ya bizari.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Ukutani, juu kabisa ya meza ya kulia, ametundika picha ya yale mahema meupe, kubwa, imetiwa kwenye fremu. Mteja mpya anaingia, anatazama, anauliza, anaelezwa. Uso unabadilika. Anaagiza mkate wa mbuzi, hata kama alikuja kwa maharage, anakula nusu, anaacha nusu, anatoa noti ya elfu kumi na kusema chenji baki nayo kwa sauti ile ya kumpa maskini mlangoni. Harudi. Nimewaona wengi. Mtu akija kukuhurumia amekuja mara moja, akija kwa sababu ya maharage atakuja na mkewe na watoto wa dada yake.

Nayasema haya nikiwa nayajua kwa upande wa pili. Mwezi wa Januari 2001, baada ya watu kupigwa risasi kwenye maandamano, Wapemba zaidi ya elfu mbili tulivuka bahari mpaka Shimoni, pwani ya Kenya. Nilikuwa na watoto wadogo. Wenyeji wa Shimoni Mungu awalipe, walitugawia walichokuwa nacho, kisha wakaja wa Umoja wa Mataifa. Maharage na ugali tulikula, na nilishiba. Lakini kuna namna mtu mwenye kamera anavyokutazama ukitia tonge mdomoni ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafunga kinywa. Hakuna aliyeniuliza yale maharage yana chumvi ya kutosha. Ningemjibu! Yalikuwa hayana. Oktoba ya mwaka ule ukaja Muafaka, mapatano ya CCM na CUF, na tuliokuwa hatujarudi tukarudi, na nilipofika Wete mtu wa kwanza kunipa kazi ya kupika alinipunguzia bei kwa sababu biriani ilikauka. Nilikasirika siku nzima na nikafurahi wiki nzima.

Kwa hiyo nikimwambia kuku wake mbaya, anajua ninachomwambia.

Huduma ni ya taratibu. Kila mkate unachimbwa ukiagizwa, na hilo ni sahihi, mkate uliochimbwa mapema unakauka kuta. Tatizo ni jengine. Kibanda hichi kina kazi ya pili ambayo haiandikwi kwenye bei. Vijana wanaorudi kutoka Bondeni, wengine kwa ghasia za Septemba 2019 kule Johannesburg, wengine juzi kwa sababu wamechoka kuamshwa na vikundi vinavyozunguka kuulizia vitambulisho, wanashuka bandarini Malindi hawana kitu. Aibu inawazuia kwenda kwao. Utakwendaje kwa mama mikono mitupu baada ya miaka yote ile? Wanaelekezwa Meli Nne. Siku za mwanzo wanakula bure na kulala nyuma ya kibanda, kisha wanapewa kisu na gunia la vitunguu. Mmoja wa waliopo sasa alikuwa Johannesburg mwaka ule wa 2019, na akisimulia vile Wanaijeria walivyopandishwa ndege ya bure ya Air Peace kurudi Lagos, utadhani anasimulia harusi aliyonyimwa mwaliko.

Shida yao kubwa ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kimepotea, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ama hakupata kukitoa ama kimeungua na nguo. Bila hivyo hata laini ya simu hupati kwa jina lako, na kazi ya hoteli usiiote. Inaanza barua ya sheha, na sheha wa shehia aliyozaliwa kijana huenda hamkumbuki tena, au ni mpya, na anataka watu wazima wa kumshuhudia. Yule mpishi amejua kila ngazi ya safari hiyo, nani wa kuonwa kwanza, karatasi gani inatangulia, siku gani foleni ni fupi. Anawasindikiza mwenyewe. Halipwi.

Anawasindikiza saa sita mchana.

Ndiyo, saa ile ile ambayo watu wamejaa kwenye benchi. Anavua aproni, anamkabidhi upawa kijana wa juzi, anapanda bodaboda kwenda kwa sheha. Siku moja sufuria la maharage lilishika chini, moshi ukaingia kwenye mchuzi wote, na waliokula siku ile walikula moshi. Mimi nilirudisha mkate wangu. Nilimwambia, "Mwanangu, wasaidie, lakini weka siku. Jumatatu na Jumatano asubuhi kabla hujawasha moto. Mteja akikukosa mara mbili, hao vijana utawalisha nini?" Aliinamisha kichwa akasema nitajaribu, mama. Tangu hapo naona amejaribu nusunusu. Ukitaka kuwa na uhakika, nenda kabla ya saa sita.

Bora zaidi ni kuwa amepata mtu wa kuaminika wa kusimamia moto akiwa hayupo. Ni kijana wa Masasi, Mmakua, ambaye Bondeni hajawahi kufika. Amekuja kutafuta maisha Unguja kama wengine wa bara. Mkono wake kwenye maharage umeanza kumzidi bosi wake, na sisemi hivyo kumchonganisha.

Juu ya kijana huyu nina kisa, na ndicho kilichonifanya niandike. Kuna bwana mmoja wa makamo, mnywaji chai wa kudumu, haagizi mkate, anakaa na gazeti. Siku hiyo anakunywa chai na kulalamika: wabara wametujaa, kazi zote wameshika wao, nyumba za kupanga zimepanda kwa sababu yao, warudi kwao. Kijana wa Masasi yuko hatua mbili pale, anaosha sahani. Picha ya mahema iko juu ya kichwa cha bwana yule. Wallahi niliangalia picha, nikamuangalia yeye, nikasubiri mwenyewe aione. Hakuiona.

Mpishi hakupandisha sauti. Alimuuliza kama anajua kuwa Durban kuna Wazanzibari. Yule bwana akafurahi, akasema ndiyo, vijana wetu. Akaambiwa hapana, si vijana, wako huko tangu 1873. Ule mwaka ambao Sayyid Barghash alitia saini kufungwa kwa soko la watumwa hapa Mkunazini, manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na watu zaidi ya mia waliokombolewa wakateremshwa Durban. Waislamu, wakawekwa kwenye ardhi ya msikiti kule Kings Rest. Serikali ya makaburu ilipokuja na sheria za kugawa maeneo kwa rangi, ikawahamisha mpaka Chatsworth. Wako huko mpaka leo na wanaitwa Wazanzibari.

"Mwaka 2015 niko kwenye hema," akasema, "alikuja bibi mmoja mtu mzima na shuka na sufuria la wali. Nikamwambia mimi wa Zanzibar. Akanishika mikono miwili akasema na mimi Mzanzibari, karibu nyumbani. Nikamsemesha Kiswahili, hajui. Lugha yao ya nyumbani ni Kimakua." Kisha akaonesha kwa upawa. "Lugha ya huyu anayekuoshea kikombe."

Kijana wa Masasi alikuwa ameshageuka. Akauliza huyo bibi alisemaje, sema neno moja. Mpishi hakukumbuka neno hata moja, akacheka, kijana naye akacheka.

Yule bwana alilipa chai yake akaondoka. Msidhani aligeuka mtu mwengine. Nimemsikia tena juzi barazani na maneno yale yale. Ila kikombe sasa anakipeleka mwenyewe kwenye karai.

Wanaouliza wasaidie vipi, maana nilipoanza kukisifia kibanda hichi watu walinitumia ujumbe wanataka kutoa nguo kuukuu: nguo anazo. Kinachomsaidia ni oda. Anapika maharage kwa shughuli, na mimi mwenyewe nimempa sehemu ya kazi ya khitma niliyokuwa nayo, yakaja kwa wakati, moto, hakuna aliyerudisha sahani. Nilimlipa bei kamili nikamkata kidogo kwa kuchelewesha sufuria tupu kurudi. Mwenye hoteli anayetafuta mtu wa jikoni, awaulize wale vijana wa nyuma. Wawili nimeshawaona wakikata kitunguu na nawathibitisha. Mwenye nafasi ya kumshuhudia mtu kwa sheha kwa sababu unamjua mamake, nenda tu, hiyo haina gharama na hakuna hela inayoweza kuinunua.

Juu ya picha tumefikia makubaliano ya muda. Amesema ataihamishia nyuma, wanapolala vijana. Mpaka naandika bado iko palepale.

Mengineyo haraka. Maji ya kunawa yapo, sabuni mara ipo mara haipo. Benchi ni tatu na moja inayumba, ile ya karibu na mlango. Chai ya mchaichai ni nzuri na sukari inatiwa kabla hujasema, sema mapema. Kuna uji wa mahindi mzito anaowapikia waliorudi kwa kumbukumbu zao, haumo kwenye bei lakini ukiomba utapewa, na si hasara ukiukosa. Ijumaa anafunga kabla ya sala na anafungua baadaye. Ramadhani anauza jioni kwa kubeba tu, na mkate wa kubeba mwambie atenganishe mchuzi kwenye kopo, ukifika Fuoni ukiwa umeshamiminwa utakuwa umebeba uji. Jumamosi mbuzi huisha kabla ya adhuhuri, na usimtumie mtu simu akuwekee, haweki. Njoo na noti ndogondogo.